Hesabu Zilizo Njiani: Kulinda Kumbukumbu za Chama Kidhibiti cha Kompyuta Kinapoharibika

Katibu yeyote wa chama cha msingi anaijua tofauti kati ya hesabu iliyopokelewa na hesabu iliyoingizwa. Mkulima aletapo kahawa yake mizanini, karani huipima, huandika stakabadhi kwa karatasi ya kaboni, humkabidhi mkulima nakala yake, naye mkulima hushika njia ya nyumbani. Kwake yeye kazi imekwisha. Kwa chama haijaisha, maana kilo zile zingali katika kitabu cha stakabadhi tu. Zitaingizwa katika leja jioni, au kesho yake, au hata wiki ijayo ikiwa msimu umepamba moto. Muda wote huo wa katikati haki ya mkulima inategemea mambo mawili: kitabu kisipotee, na karani asipatwe na jambo kabla hajakifikisha ofisini.

Ndani ya kompyuta za vyama hutendeka mambo yale yale, ila kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Humo nako kuna karani, kuna kitabu cha muda, na kuna leja. Tena kuna saa ambayo karani huyo huanguka akiwa na kitabu mkononi. Makala haya yanaieleza saa hiyo: kitu gani hasa hupotea, waundaji wa mitambo wamefanya nini kuzuia upotevu huo, na ni lipi lililo katika uwezo wa katibu na Bodi yake.

Kwa wakulima wa Kilimanjaro jambo hili si la mafundi peke yao. Biashara ya kahawa ya ushirika hapa imezoea kulipa kwa awamu: malipo ya awali wakati wa kukabidhi mazao, kisha malipo ya pili kahawa ikishauzwa. Mkulima wa Kibosho au Uru aliyepeleka kahawa yake mwezi Oktoba huenda akadai malipo ya pili katika mwaka unaofuata, na dai lake halina mguu mwingine wa kusimamia isipokuwa kilo zilizoandikwa siku ile. Andiko likikosekana, mkulima hubaki na karatasi yake mkononi, na katibu hubaki na maneno.

Mjini hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Chukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi ya vyumba viwili Majengo, Moshi. Wanachama wake ni akina mama wa sokoni, mafundi cherehani, madereva wa bodaboda na walimu. Wengi wao huweka akiba jioni baada ya kufunga biashara, elfu tano leo, elfu kumi kesho. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni maandishi huingia mfululizo, na bahati mbaya jioni ndiyo saa ambayo umeme nao hupenda kukatika.

KARANI ALIYE NDANI YA MTAMBO

Leja ya kompyuta ni diski. Diski ya kawaida ya kuzunguka ni chombo cha kuaminika lakini ni kizito. Ile inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji zaidi kidogo ya sehemu 8 za elfu ya sekunde kumaliza mzunguko mmoja. Ukiongezwa muda wa mkono wa kuandikia kusogea hadi mahali panapotakiwa, diski moja itaweza kufanya maandishi mia moja hivi kwa sekunde, ikiwa maandishi hayo yametawanyika huku na huko kama yalivyo ya akaunti za watu mbalimbali. Idadi hiyo yaonekana kubwa mbele ya karani wa mizani. Kwa programu ya hesabu ni ndogo, kwa sababu tendo moja la mwanachama huzaa maandishi mengi: ya akaunti yake, ya daftari la fedha, ya leja kuu, ya orodha ya stakabadhi, na ya jina la mtumishi aliyeandika.

Ili watu wasisubiri, mbele ya diski huwekwa chombo kiitwacho kidhibiti cha hifadhi. Katika seva ndogo, yaani kompyuta ile moja inayozihudumia nyingine zote za ofisi, kidhibiti ni kadi iliyochomekwa ndani. Katika mitambo mikubwa ni kisanduku kizima chenye akili yake. Kazi yake ni kuyapokea maandishi kutoka kwa programu, kuyapanga, na kuyagawa katika diski kadhaa ili diski moja ikifa nyingine zibebe mzigo. Ugawaji wa namna hiyo, ujulikanao kwa jina la RAID, ulielezwa mwaka 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Tangu hapo mafundi wengi wamewatuliza wateja wao kwa neno hilo, nao wateja hudhani kwamba maadamu diski zimelindwa, kila kitu kimelindwa. Lakini RAID hulinda yale yaliyokwisha kufika diskini. Haiwezi kulinda yale ambayo bado yako njiani.

Na njiani kuna mengi. Kidhibiti kina kumbukumbu yake ya haraka iitwayo kache, ambayo katika seva ndogo hutosha gigabaiti moja hadi nane. Andiko likifika, kidhibiti huliweka katika kache na papo hapo hujibu, "Tayari." Programu huamini; kioo humwonyesha mtumishi kwamba andiko limehifadhiwa; mwanachama hupewa stakabadhi na kuondoka. Andiko lenyewe huteremshwa diskini baadaye, pengine baada ya sekunde chache, pengine zaidi ikiwa kazi ni nyingi. Njia hiyo yaweza kuitwa kuandika kwa kuchelewesha. Iko njia ya pili, ya kuandika moja kwa moja, ambayo kwayo kidhibiti hakisemi "tayari" mpaka diski yenyewe iwe imekubali. Ya kwanza ni nyepesi, na kwa sababu hiyo ndiyo itumikayo karibu kila mahali. Ya pili ni nzito, lakini kwayo kidhibiti hakiahidi kitu ambacho hakijafika diskini.

Hatari ni hii: chipu za kache hushika maandishi kwa muda ule tu zinapopitiwa na umeme. Umeme ukizikosa, husahau zote.

Tena upotevu wenyewe si wa kung'oa ukurasa wa mwisho tu. Kidhibiti hakiteremshi maandishi kwa mfuatano yalivyofika. Huyapanga upya kama mpagazi anavyopanga magunia, yale ya upande mmoja wa diski pamoja, ili mkono wa diski usihangaike. Kwa hiyo kache ikipotea ghafla, yaweza kutokea kwamba upande wa debiti wa hesabu fulani umeshafika diskini na upande wa krediti bado. Au akiba ya mwanachama imeongezeka katika akaunti yake huku daftari la fedha likiwa halina habari. Mtunza hesabu ajuaye taabu ya urari usiolingana ataelewa. Leja isiyo na ukurasa wa mwisho hutengenezwa kwa kuujaza ukurasa huo. Leja iliyorukwa mistari hapa na pale ni lazima ipitiwe yote, na mara nyingine programu yenyewe hukataa kuifungua. Programu nzuri za hesabu hujiwekea shajara ya kila tendo ili ziweze kujirekebisha baada ya ajali, lakini shajara hiyo nayo ni maandishi, na hupita katika kache ile ile.

UMEME UNAPOKATIKA

Adui wa kwanza kila mtu anamjua. Tanzania imepita katika mgawo wa umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu katika Gridi ya Taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Ofisi nyingi siku hiyo zilikuwa zimefungwa tangu Alhamisi jioni.

Dawa ya kwanza ya adui huyo ni betri ndogo iliyofungwa kwenye kidhibiti. Betri hiyo haiendeshi kompyuta. Hailishi kitu kingine isipokuwa zile chipu za kache, ili zisisahau. Umeme ukirudi, kidhibiti hukuta maandishi yake bado yapo, huyateremsha diskini, na kazi huendelea kana kwamba hapakutokea jambo. Betri nyingi za aina hii zilitengenezwa kushika kwa saa 72 hivi zikiwa mpya. Hapo ndipo mfano wa Pasaka unapokuwa na maana. Kutoka Alhamisi saa kumi na moja jioni hadi Jumanne saa mbili asubuhi ni saa 111. Kama kikata umeme cha ofisi kimeanguka Alhamisi baada ya watu kuondoka, betri mpya kabisa ingekata roho Jumapili jioni, na iliyochakaa mapema zaidi, na Jumanne katibu angeiwasha seva akijua kwamba umeme umerudi, bila kujua kwamba kilichokuwa kikingojea umeme huo hakipo tena.

Vidhibiti vya miaka ya karibuni vimeacha betri na kutumia kapasita pamoja na flashi. Umeme ukikatika, kapasita hutoa nguvu kwa muda mfupi tu, wa kutosha kuyanakili maandishi ya kache katika flashi, ambayo ni kumbukumbu isiyohitaji umeme. Baada ya hapo hata likizo ya mwezi mzima haidhuru. Chama kinachonunua seva leo kisikubali kuuziwa ile ya betri ikiwa ile ya flashi inapatikana. Tofauti ya bei huwa ndogo kuliko gharama ya kurudia hesabu za siku moja.

Betri huchakaa, na kapasita nazo hupungua nguvu. Vidhibiti vingi hujipima vyenyewe, vingine takriban kila siku 90, kwa kuimaliza betri na kuijaza tena. Wakati wa kipimo, na vilevile betri ikionekana mbovu, kidhibiti chenye busara huacha kuandika kwa kuchelewesha na kurudi katika kuandika moja kwa moja. Mtumishi ataona kompyuta imekuwa nzito bila sababu. Sababu ipo: mtambo umekataa kutoa ahadi usiyoweza kuitimiza.

UPS, kile kisanduku cha akiba ya umeme kinachowekwa chini ya meza, ni kitu cha lazima, lakini si badala ya ulinzi huu. Hicho huipa seva dakika kadhaa za kuzimwa kwa utaratibu. Kisipounganishwa na seva kwa waya wa kutoa habari, seva haitajua kwamba dakika hizo zimeanza kuhesabiwa, na kama hakuna mtu ofisini zitakwisha bure.

KIDHIBITI CHENYEWE KIKIFA

Adui wa pili hazungumzwi sana. Kidhibiti ni kifaa kama vifaa vingine: huuawa na joto, vumbi, radi za masika zinazopita katika waya, au kasoro ya programu iliyomo ndani yake. Kikifa, betri nzima na kapasita nzima haziwezi kuokoa kitu kwa nguvu zake zenyewe. Maandishi yangali hai ndani ya chipu, lakini aliyekuwa akijua yaende wapi hayupo. Ni kitabu cha stakabadhi kilichobaki ndani ya kabati ambalo funguo zake zimepotea.

Kwa seva ndogo yenye kidhibiti kimoja, baadhi ya watengenezaji wameacha mlango mmoja. Kadi ya kache hutengenezwa iweze kuchomolewa pamoja na betri au flashi yake na kuhamishiwa katika kidhibiti kipya cha aina ile ile. Nacho kipya kikiwashwa hukuta maandishi ya mwenzake, huzitambua diski zake, na huyateremsha. Jambo hili hufanikiwa kwa masharti: kidhibiti kipya kiwe cha aina inayokubaliana na cha zamani, betri isichomolewe katika kuhamisha, na muda wake usiwe umepita. Fundi asiyejua hubadilisha kadi yote pamoja na kache, huiweka ya zamani katika sanduku la vyuma chakavu, na hurudi nyumbani akijisifu kwamba ametengeneza.

Lipo kosa jingine la aina hiyo, na hili huweza kufanywa na mtumishi yeyote mwenye haraka. Kidhibiti kikiwaka na kukuta maandishi ambayo diski zake hazionekani, pengine kwa sababu waya umelegea, vingi husimama na kuuliza: maandishi haya yangojee au yatupwe? Mpaka kijibiwe hakiendelei. Huku foleni inangoja nje. Ni rahisi sana kubonyeza kutupa, kwa kuwa kufanya hivyo huifungua seva mara moja. Jibu sahihi ni kuzima kwa utaratibu, kuangalia nyaya na diski, na kuwasha tena. Yaliyotupwa hapo hayarudi.

Njia kamili zaidi ni ya vidhibiti viwili. Vyama vinajua busara hii tangu zamani: hundi haitoki benki kwa saini moja. Katika mtambo wa vidhibiti viwili, kila andiko linalofika kwa kimoja hunakiliwa kwanza katika kache ya mwenzake kupitia njia ya ndani yenye kasi, na ni baada ya nakala zote mbili kukaa mahali pake ndipo neno "tayari" hutamkwa. Wazo la kutokubali andiko mpaka liwe mahali pawili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya IBM ilikwisha kulitumia katika vidhibiti vyake vya 3990, ambamo andiko liliwekwa katika kache na papo hapo katika kumbukumbu ya pili yenye betri. Kidhibiti kimoja kikifa, cha pili hugundua kwamba mwenzake hajibu, huzichukua diski zake, huyateremsha maandishi yote yaliyokuwa yakingojea, yake na ya marehemu, kisha huendelea kuhudumia. Mtumishi wa dirishani huenda asione kitu zaidi ya kioo kusimama kwa sekunde kadhaa.

MTAMBO UNAPOKUWA MZITO

Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachowaponza wengi, na makatibu wanaombwa wakisome kwa makini.

Kidhibiti kilichobaki peke yake hakina mtu wa kumpa nakala. Kikiendelea kusema "tayari" mapema, maandishi yatakuwa mahali pamoja tu, na ajali ya pili itayachukua. Kwa sababu hiyo mitambo mingi, mara tu mwenzi mmoja afapo, hubadili mwendo na kuandika moja kwa moja diskini. Mitambo mikubwa yenye vidhibiti vinne au zaidi yaweza kumtafutia aliyebaki mwenzi mwingine na kuendelea kwa kasi ile ile, lakini mitambo hiyo haionekani katika ofisi za vyama vya msingi. Katika ile ya viwili, kazi iliyokuwa ikimalizika kwa kufumba na kufumbua sasa humfanya mtumishi akae akitazama kioo.

Ikiwa siku hiyo ni siku ya malipo ya pili, foleni imetoka mlangoni mpaka barabarani, wazee wametoka milimani tangu alfajiri na wanataka kuwahi gari la kurudi. Simu zinaanza kupigwa. Fundi anaulizwa kama hakuna namna ya kuharakisha. Naye kwa kweli anayo, kwa kuwa vidhibiti vingi humruhusu msimamizi kulazimisha kuandika kwa kuchelewesha hata kama betri ni mbovu au mwenzi hayupo. Mstari mmoja katika ukurasa wa mipangilio hubadilishwa, kompyuta zinarudi katika wepesi wake, watu wanafurahi, na fundi anashukuriwa. Kuanzia dakika hiyo kila malipo yanayoandikwa yanasimama juu ya mguu mmoja. Baya zaidi, mstari huo ukishabadilishwa husahauliwa. Kidhibiti kipya huja, hufungwa, mwaka hupita, na siku betri ifapo mtambo hautapunguza mwendo tena wala kumwonya mtu, kwa sababu uliamriwa usifanye hivyo.

Uamuzi wa kulazimisha usiachwe mikononi mwa fundi wala mtumishi wa dirishani. Ni uamuzi wa kuweka fedha za wanachama katika hatari, na wenye mamlaka nao ni Meneja na Bodi. Ukitolewa, uandikwe pamoja na saa, jina la aliyeuamuru na siku utakapofutwa. Kwa kawaida iko njia iliyo bora: kuwaeleza watu kwamba mtambo ni mgonjwa, kulipa kwa vocha za karatasi dirisha moja baada ya jingine, na kuziingiza usiku foleni ikishatawanyika.

Mfano unaojulikana duniani ni wa jimbo la Virginia, Marekani. Mwezi Agosti 2010 mtambo mkubwa uliohifadhi kumbukumbu za serikali ya jimbo hilo uliharibika. Haukuwa mtambo wa bei nafuu. Kadi zake za kumbukumbu zilifungwa kwa jozi, moja ikifa nyingine ishike kazi. Hitilafu ilianza katika kadi hizo, na wakati wa kuzitengeneza mambo yakazidi kuharibika. Idara zaidi ya 20 zilikosa huduma, na ofisi za leseni za udereva zilishindwa kutoa leseni kwa takriban wiki moja. Baadhi ya waliokuwa wamepigwa picha za leseni karibu na siku za ajali walitakiwa kurudi kupigwa upya, maana picha zao hazikupatikana tena. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitaja makosa ya watu katika matengenezo. Jozi ilikuwepo; kilichokosekana ni utulivu wa mkono uliokuwa ukiigusa wakati mmoja wa wenzi akiwa mgonjwa.

YALIYO KATIKA UWEZO WA CHAMA

Si kila chama kinahitaji mtambo wa vidhibiti viwili. Kwa ofisi kama ile ya Majengo, seva moja nzuri yenye kidhibiti cha flashi, UPS iliyounganishwa, na nidhamu ya karatasi, itatosha, na fedha zinazobaki zitumike kwa nakala za akiba. Hata kuandika moja kwa moja bila kuchelewesha kwaweza kufaa ikiwa watumishi ni wawili au watatu; foleni ya watu kumi haitambui tofauti ya sehemu za elfu ya sekunde. Diski mpya zisizozunguka, za aina ya SSD, zimeipunguza tofauti hiyo zaidi, lakini nazo zina kache ndani yake, na nyingi za bei ya chini hazina kapasita ya kuilinda. Muuzaji aulizwe kwa barua kama diski anazoleta zinalinda maandishi umeme unapokatika, na jibu lake liwekwe katika faili.

Kwa chama kikuu kinachokusanya hesabu za vyama vingi, vidhibiti viwili si anasa. Hata hivyo ieleweke kwamba kache pacha si nakala ya akiba. Vidhibiti vyote viwili hukaa katika sanduku moja, chumba kimoja, chini ya paa moja. Moto, mwizi, na mtumishi anayefuta hesabu kwa makosa huviathiri pamoja. Nakala ya kila siku lazima ilale jengo jingine.

Vyama vinavyotumia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, havina seva hiyo ofisini mwao. Ulinzi wa kache uko kwa wenye mtambo. Lakini sehemu ya njia ingali mikononi mwa chama. Mizani ya kidijitali na simu za makarani nazo huweza kushika maandishi mpaka mtandao upatikane, na katika vijiji vya juu mtandao haupatikani kila saa. Andiko lililo ndani ya simu hiyo ni andiko lililo njiani, na karani asiifute kumbukumbu ya simu wala kuikabidhi kwa mwingine kabla ya kuhakikisha kwamba yote yamepokewa upande wa pili.

Kidhibiti kinapotoa onyo, katibu asiizime seva kwa kung'oa waya. Aandike maneno ya onyo kama yalivyo, awaambie watumishi waache kuingiza na warudi katika stakabadhi za karatasi, kisha amwite fundi. Fundi afikapo aulizwe, kabla hajagusa kitu, kama kuna maandishi yanayongojea katika kache na atayaokoaje. Fundi ajuaye kazi yake hatachukizwa na swali hilo.

Iliyobaki ni kazi ya kalamu. Kila jioni kabla ya kufunga, ichapishwe karatasi moja yenye namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho ya siku hiyo, idadi yake, na jumla ya kilo au shilingi. Isainiwe na watu wawili. Mkaguzi wa COASCO ataifurahia hata kama mtambo haukupata ajali mwaka mzima. Asubuhi, na hasa umeme unaporudi baada ya kukatika, karatasi hiyo ilinganishwe na kompyuta kabla ya kuanza kazi mpya.

Kama karatasi inasema stakabadhi ya mwisho ni 4218 na kompyuta inaishia 4203, zipo 15 za kuingizwa upya kutoka nakala za kaboni, kwa tarehe yake ya awali, kila moja ikiwekewa alama ya katibu pembeni. Lakini kazi isiishie hapo. Kwa kuwa kidhibiti hakiteremshi maandishi kwa mfuatano, 4197 nayo yaweza kukosekana hata kama 4203 ipo. Ukaguzi uanze na stakabadhi ya kwanza ya siku ile ya ajali, moja baada ya nyingine, jumla zikilinganishwa na karatasi ya jioni, na mwanachama yeyote ambaye akaunti yake imeguswa aitwe na nakala yake mwenyewe ili zisomwe pamoja.